Akoth, Usiitike

Wiki mbili baada ya kumzika Fundi Ouma, mkewe alinitumia bahasha ya kaki. Hakukuwa na barua ndani. Kulikuwa na kaseti moja tu, plastiki yake imegeuka manjano, na juu yake kikaratasi kilichoandikwa kwa wino wa buluu: WENYEJI KWANZA. Mwandiko niliutambua kabla sijayasoma maneno yenyewe. Ulikuwa wa Madam Robai.

Nyinyi wa rika langu mnayajua mambo ya kaseti. Mnajua kuirudisha nyuma kwa kalamu ya biki ili kuokoa betri. Mimi pia nilifanya hivyo, nikaitia kwenye redio yangu kuukuu, nikabonyeza. Haukutoka wimbo. Ilitoka kelele kama mtu anakwaruza bati kwa msumari, halafu kama nzige elfu moja wamefungiwa ndani ya debe. Mtu mwingine angeitupa. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa tena na miaka kumi, nimesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma cha Fundi Ouma pale Kaloleni, Kisumu, nikiamini nimemuua mdogo wangu.

Lazima niwaambie kwanza nilikuwa mtoto wa aina gani, la sivyo mtanicheka mapema. Nilikuwa mtoto wa kuota ndoto nikiwa macho. Niliongea na kuku, niliongea na sufuria. Niliamini kabisa kwamba ndani ya redio ya baba kunakaa watu wadogo wadogo wanaosoma habari na kuimba kwaya, na kilichonisumbua si kwamba wako humo bali kwamba hakuna anayewapa chakula. Kwa hivyo nikawa nawasukumia njugu karanga kupitia matundu ya nyuma, mbili asubuhi, mbili jioni. Hawakula. Redio ikaanza kukoroma, mwishowe ikanyamaza kabisa, na baba akaipeleka kwa Fundi Ouma bila kujua mkosaji anakaa naye meza moja.

Upande wa pili wa kichwa changu alikaa Dani, nyanya yangu, mama yake baba. Dani aliishi kijijini Nyakach, mbele ya Katito, na kila likizo tulipelekwa kwake. Alikuwa na sheria nyingi, lakini mbili alizisisitiza hata akiwa anapembua wimbi. Ya kwanza: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Ya pili: mtu akikuuliza jina lako kabla hajakuambia lake, mwangalie tu, usimpe. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Dani hakuwa mtu wa kuulizwa kwa nini.

Halafu kulikuwa na Akoth. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake, na wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na kidogo. Alikuwa ndio kwanza amejifunza kuitika. Ukisema "Akoth!" anaacha kila kitu, anainua kidevu, anajibu "Eeh!" kwa tumbo zima, kama mzee anayejibu kutoka ng'ambo ya shamba. Tulikuwa tunamwita bila sababu yoyote. Baba akitoka kiwandani, kabla ya kuvua viatu: "Akoth!" "Eeh!" Jirani akipita na ndoo: "Akoth!" "Eeh!" Nyumba yote ilikuwa inaishi kwa ile eeh.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mchana. Baba alinituma nikachukue redio. Mbele ya kibanda cha Fundi hakukuwa na mtu, ila sauti za watu zilitoka chumba cha nyuma, na harufu ya waya unaoyeyushwa kwa chuma cha moto ikichanganyika na ya samaki anayekaangwa na mama wa jirani. Nikasukuma pazia.

"Hodi."

"Mgeni!" akapayuka kijana mmoja mwenye nywele nyingi. "Mgeni amekuja, yawa! Funga mlango asitoroke!"

Alikuwa anatania. Leo najua. Siku hiyo niliona mlango unafungwa kweli, kwa sababu upepo wa ziwa uliusukuma wakati huohuo.

Walikuwa watatu. Fundi Ouma nilimfahamu kwa sura, mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Kijana alikuwa Odush, amemaliza shule na hana kazi. Wa tatu alikuwa mwanamke wa Kiluhya aliyevaa nadhifu kama anayekwenda kanisani, Madam Robai, ambaye siku za kazi alipiga taipu ofisini mjini. Wote walikuwa wamezunguka televisheni ndogo isiyokuwa na picha. Mbele yake kulikuwa na kibao cheusi chenye vitufe vya mpira, na waya ukienda kwa redio ya kaseti.

Baadaye nilikuja kujua kila kitu. Kile kibao kilikuwa kompyuta. Binamu ya Fundi alirudi nayo kutoka masomoni ng'ambo, ikaharibika, Fundi akaifufua kwa vipande vya redio. Kwa kuwa haikuwa na kitu ndani ila lugha yake ya kupokea amri, Besiki, wakaamua kujifunza hiyo lugha wenyewe. Walikuwa na kitabu kimoja tu, tena nakala ya fotokopi iliyokosa kurasa, kimefunikwa kwa karatasi ya kalenda. Wiki nzima kila mmoja aliandika programu zake kwenye daftari la shule, na Jumamosi wanakutana kuzijaribu. Hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewatuma. Walipenda tu. Leo vijana wana majina ya vikundi kama hivyo. Wao walijiita watu wa Jumamosi.

Lakini siku ile sikujua hata moja kati ya hayo. Niliona tu watu wazima watatu wakinitazama kwa furaha nisiyoielewa.

"Wewe si ni mtoto wa Mzee Osewe?" Fundi akauliza. "Ile redio ya njugu?"

"Ndio wewe!" Odush akapiga mapaja. "Wee mtoto, ulikuwa unapanda ama unakaanga?"

"Odush, mwachie nafasi," Madam Robai akasema. "Karibu, mama. Kwa hii nyumba mtu hasimami mlangoni. Anayeingia tunamkaribisha vile sisi wote tulikaribishwa. Keti hapo."

Palikuwa na kreti ya soda imegeuzwa juu chini, mbele ya kioo. Nikakaa. Madam Robai akaweka vidole juu ya vile vitufe.

"Jina?"

Nikamwangalia tu. Dani alikuwa amesimama nyuma ya shingo yangu, nawaapia.

"Jina lako ni nani? Usiogope."

Ukimwambia mtoto asiogope, anajua kuna kitu. Macho yalikuwa sita, mlango umefungwa, na kile kioo kilikuwa cheupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Jina langu lilikataa kutoka. Nikatafuta jina lingine, lolote, na mdomo ukachukua lile ulilolizoea zaidi.

"Akoth," nikasema.

Vidole vyake vikaruka. Akaandika mistari miwili. Wa kwanza unaiambia mashine iandike jina. Wa pili unaiambia irudi kwenye ule wa kwanza. Basi. Haina ujanja hiyo, lakini haina mwisho pia. Akabonyeza kitufe kimoja cha pembeni, na kioo kikaanza.

AKOTH. AKOTH. AKOTH. AKOTH. Herufi zilitoka chini zikapanda juu kama siafu, zikifika juu zinatoweka, na chini zinazidi kuja. Hakuna mtu aliyekuwa anaita. Hakuna mdomo. Jina la mdogo wangu lilikuwa linaitwa na kitu kisicho na uso, haraka haraka, bila hata kungoja jibu.

Wenyewe wakakunja mikono, wakatabasamu, wakingoja.

"Haya, lisimamishe," Odush akasema. "Si ni lako?"

Sikujua wanangoja nini. Nilidhani wanangoja aitike.

Ndipo stima ikapotea, umeme wa mtaa mzima. Nyinyi mnaijua stima ya Kisumu miaka ile, mawingu yakikusanyika tu juu ya ziwa, inakwenda. Lakini televisheni za zamani hazikuzima mara moja. Kioo kizima kilijikunja, Akoth wote wale wakavutwa katikati, wakawa nukta moja nyeupe. Ile nukta ikabaki ikituangalia. Kisha na yenyewe ikamezwa.

Nilitoka mbio. Redio nikaiacha. Nyuma yangu nilisikia Madam Robai akiita, "Akoth! Akoth, rudi!" na hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa, kwa sababu ilionekana hata wao sasa wanamwita.

Jioni hiyo mama alikuwa anamwogesha Akoth kwenye karai. Mimi nilishika taulo. Hakuna aliyemwita. Akoth akageuza uso kuelekea ukutani, akainua kidevu, akasema, "Eeh!"

Mama akacheka. "Unaitikia nani, wewe?"

Akachapa maji kwa mikono miwili. Halafu tena, kwa ukuta uleule: "Eeh!"

Taulo lilinianguka majini nikagombezwa.

Asubuhi ya Jumapili mwili wake ulikuwa moto. Hakuenda kanisani, mama akabaki naye. Jumatatu alikuwa hashiki titi, na mama akamfunga mgongoni kwa leso mbili akampeleka hospitali. Wakamlaza. Jirani alisema ni malaria, tena ile ya kichwa, na alisema kwa sauti ya chini ambayo watu wazima hufikiri watoto hawaisikii.

"Redio iko wapi?" baba aliuliza jioni, bila kutaka jibu hasa.

"Fundi hajamaliza."

Alikubali. Alikuwa amekaa na viatu vyake miguuni, na hakukuwa na mtu wa kumwita.

Mimi nilijua ugonjwa wa Akoth ni nini. Madaktari hawangejua kwa sababu hakuna aliyewaambia. Akoth alikuwa amewekwa ndani ya ile nukta, na kule gizani jina lake lilikuwa bado linaitwa, na yeye, kwa sababu ni mtoto mzuri na ndio kwanza amejua kuitika, alikuwa anajibu kila mara. Anajibu, anajibu, hapumziki. Ni nani angeweza kujibu hivyo siku nne na asichomeke mwili?

Jumatano baada ya shule nilikwenda kwa Fundi. Nilikuta kufuli.

"Amekwenda Kendu Bay kutengeneza vipaza sauti vya kanisa," mama wa samaki akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta. "Mpaka Jumamosi."

Nikazunguka nyuma. Kulikuwa na dirisha dogo lenye waya wa mbu. Nikapanda juu ya jiwe, nikachungulia. Televisheni ilikuwa pale pale. Walikuwa wameifunika kwa shuka jeupe, kutoka juu mpaka chini, vile watu hufunikwa. Nikaweka mdomo kwenye ule waya wenye vumbi.

"Akoth," nikanong'ona. "Ni mimi. Usiitike. Mtu yeyote akikuita, usiitike."

Nikasikiliza. Kitu kilikuwa kinavuma mle ndani, kidogo sana, kinaacha, kinavuma tena. Pengine alikuwa nzi.

"Unaongea na nani, nyathina, mwanangu?" mama wa samaki akaniuliza nilipopita.

"Hakuna."

Ijumaa baba alinichukua twende kumwona. Chupa ya maji ilining'inia juu ya kitanda, mpira wake umeingia kwenye mguu wa Akoth kwa sababu mkono walikosa mshipa. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa mdogo kuliko Jumamosi, nilimpima kwa macho. Mama akamwinamia.

"Akoth?"

Kimya.

"Akoth, angalia nani amekuja. Akoth?"

Macho yalikuwa nusu wazi. Kidevu hakikuinuka. Na mimi, nimesimama na mkate mkononi, nikaelewa. Alikuwa amenisikia. Nilimwambia asimwitike mtu yeyote, na sasa hamwitiki hata mama. Kwa mara ya pili ndani ya wiki moja nilikuwa nimemfanyia kitu kwa mdomo wangu, na nilikuwa sijui namna ya kukirudisha.

Baba alinishika bega kwenye ngazi akadhani nalia kwa sababu ya harufu ya dawa.

Sikumwambia mtu. Usiku ule nilifikiri tu, na nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Nilioga, nikavaa rinda langu la Jumapili, nikawaaga kuku. Nilijua ninakwenda kubaki huko. Nakumbuka niliyatazama mambo madogo: birika, kandambili za mama, njugu iliyoanguka chini ya meza. Kuanzia siku hiyo sijawahi kumcheka mtoto anayeogopa kitu kisichokuwepo. Woga wake upo.

Kwa Fundi, Jumamosi hiyo, walikuwepo wote watatu. Televisheni inawaka. Nikasukuma pazia na sikupiga hodi.

"Alaa! Mtoro amerudi!" Odush akasema. "Akoth wa njugu!"

"Mtoeni," nikasema.

"Tumtoe nani?"

"Akoth. Mtoeni mniweke mimi."

Odush akaanza kucheka, kisha akauona uso wangu, kicheko kikamwishia njiani. Nikawaambia. Sikupanga maneno, yalimwagika tu: kwamba mimi si Akoth, kwamba Akoth ni mdogo wangu, kwamba jina lake liliingia kwenye ile nukta na hakuna aliyelisimamisha, kwamba nilimwambia asiitike na sasa amelazwa na haitiki, kwamba mimi ni mkubwa, ninaweza kujibu muda mrefu kuliko yeye bila kuchoka.

Fundi Ouma akavua miwani. Alikuwa mtu mwema, na alijaribu kunisaidia kwa njia aliyoijua.

"Mtoto, sikiza. Hii mashine haina akili. Stima ikipotea inasahau kila kitu. Jina la Akoth halimo. Imelisahau kabisa, kabisa."

Nikapiga mayowe. Kwangu mimi alikuwa amesema tu kwamba Akoth hayuko tena mahali popote.

"Ouma, wacha," Madam Robai akasema. Akashuka kwenye kiti chake, akachuchumaa mbele yangu na sketi yake ya pasi kwenye sakafu ya vumbi. "Kwa nini hukutupa jina lako siku ile? Mimi sikuulizi kwa ubaya."

"Dani alisema." Na nikamwambia yale ya Dani, yote mawili.

"Nyanya yako amesema kweli," akasema. Akawageukia wenzake. "Sisi ndio hatukuwa na adabu. Tumemkalisha mtoto mbele ya watu, tukamuuliza jina, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtajia lake. Haya. Kila mtu."

"Sasa?" Fundi akauliza.

"Sasa hivi."

Fundi akasimama kama yuko mbele ya mwalimu. "Mimi ni Ouma. Ouma Philemon."

"Robai," akasema mwenyewe. Kisha akamwangalia kijana.

"Si anajua. Odush."

"Lile la ubatizo."

Odush akakuna kichwa, akaangalia dari. "Barnaba," akasema polepole.

"Barnaba!" Fundi akalipuka. "Mwaka mzima tunakaa na Barnaba hapa na hatujui!" Na mimi, katikati ya machozi, nikacheka nusu kicheko.

"Basi," Madam Robai akaniambia. "Sasa tunajuana nusu. Ukipenda, utatuambia. Usipopenda, utakaa hivyo hivyo, ni sawa."

"Anyango," nikasema. "Mimi ni Anyango."

Hakuandika yeye. Alinivutia kreti, akaniambia niandike mwenyewe. Vitufe vilikuwa laini kama sikio la mbuzi, na herufi hazikufuatana vile tulivyofundishwa shuleni, kila moja ilinibidi niitafute kama kitu kilichopotea nyasini. Mistari ile ile miwili. Nilipofika mwisho niliuliza kama itauma. Alisema hajawahi kusikia.

Nikabonyeza, nikafunga macho.

Nilingoja kuvutwa. Niliposikia hakuna kitu ila Fundi anapumua, nikafungua jicho moja. ANYANGO. ANYANGO. ANYANGO. Siafu wale wale, wanapanda.

"Haya," Madam Robai akasema. "Lisimamishe."

"Siwezi."

"Sijakuambia uweze. Mtu kama hajui kitu anafanya nini?"

Nikafikiri. "Anauliza?"

"Basi uliza."

"Inasimamishwaje?"

Wote watatu wakapiga makofi kwa pamoja, mpaka mama wa samaki akauliza kutoka nje kuna nini. Hiyo ndiyo ilikuwa mila yao yote. Jina la mgeni linaachwa likimbie, na mgeni anangojwa mpaka aulize. Walitaka kila anayeingia ajue kutoka siku ya kwanza kwamba mle ndani hakuna aibu ya kuuliza.

"Langu lilikimbia mchana kutwa," Barnaba akaungama. "Nilikuwa najifanya najua. Mpaka jua likatua."

Madam Robai akanionyesha kitufe. Nikakibonyeza. Jina langu likasimama katikati ya kioo, na mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye kreti, ninapumua, na kamasi zangu.

"Umeona ni nani anaita?" akaniuliza. "Si sanduku. Ni wewe. Na ukiita, wewe ndiye unajua mwisho uko wapi. Sasa tumwite Akoth vizuri. Mara ngapi zinatosha?"

"Tatu."

"Na yeye nyumbani akiitwa anasemaje?"

Tuliandika mistari minne au mitano. Mingine yeye alinitajia mimi nikabonyeza. Fundi alishika waya wa televisheni kwa mkono usije ukacheza. Barnaba alisimama mlangoni akiangalia mawingu, kana kwamba angeweza kuizuia stima kwa macho yake. Nikabonyeza cha mwisho.

AKOTH. AKOTH. AKOTH. Kisha chini yake: EEH.

Na ikanyamaza. Kisanduku kidogo kikawa kinawaka na kuzimika pembeni, bila haraka, kikitungoja sisi.

"Imemaliza," Fundi akasema kwa sauti ya kanisani.

Madam Robai alinisindikiza hospitali kwa miguu, redio ya baba kwapani mwake. Tulipofika kitandani alimsalimia mama kama wanajuana. Hakusema lolote la mashine. Akoth alikuwa amelala chali, mguu wenye mpira umefungwa kijiti usicheze. Sikuweza kufungua mdomo. Nilikuwa nimeiona ile Akoth ya kioo ikijibu, lakini huyu alikuwa wa nyama, na nikimwita asiitike, basi hakuna mashine nyingine ya kwenda.

"Mwite," Madam Robai akaninong'oneza. "Wewe ndiye ulimwambia asiitike. Mwambie sasa anaweza."

"Akoth," nikasema.

Hakuna.

"Akoth, ni mimi. Itika tu."

Chupa ilidondosha, tone, tone. Mama alikuwa ameacha kukunja leso.

"Akoth?"

Kidevu kikainuka. Si sana, upana wa kidole hivi. Sauti haikutoka tumboni, ilitoka mahali padogo pakavu nyuma ya ulimi. Lakini ilikuwa ile ile. "Eeh."

Mama alijifunika uso kwa ile leso.

Muuguzi alisema homa ilishuka tangu alfajiri, dawa zilikuwa zimeshika. Hesabu hiyo naijua, msinifundishe. Alfajiri inakuja kabla ya mchana, na sisi tuliandika mchana. Nilijua hata siku ile. Lakini ni nani alikuwa ameniambia mimi, alfajiri hiyo, kwamba homa imeshuka?

Niliendelea kwenda kila Jumamosi kwa miaka minne hivi, mpaka ile mashine ikafa kifo ambacho Fundi hakuweza kukikataa, na watu wa Jumamosi wakatawanyika. Sikusoma mbali, na sikuwa mtu wa kompyuta. Nauza nguo za watoto sokoni Kibuye. Lakini mle ndani mila ilibadilika. Madam Robai aliandika programu mpya akaihifadhi kwenye kaseti kama kelele ambazo mashine pekee ilizisoma, akaiita WENYEJI KWANZA, na kila mgeni aliyekuja baada yangu alikalishwa kwenye kreti akaonyeshwa kwanza majina yetu, moja moja, polepole: OUMA. ROBAI. BARNABA, maana Odush alikatazwa kujificha tena. ANYANGO. Kisha tu, chini kabisa: NA WEWE? Na Kibuye mtu mpya akianza kutandika turubai lake karibu na langu, huwa sijui namna nyingine ya kumkaribisha. Natangulia kutaja langu.

Jumapili iliyopita ndiyo nilikuwa naisikiliza ile kaseti, nimekaa sakafuni. Mdogo wangu alikuwa amekuja kunitembelea, yuko jikoni anasonga ugali, watoto wake wanakimbizana uani.

"We dada, zima hiyo kelele!" akapiga ukelele. "Redio yako imekula nini tena?"

"Akoth," nikaita.

"Eeh?" Akachungulia mlangoni, mwiko mkononi, unga kwenye shavu. "Nini?"

"Hakuna. Nilikuwa nakuita tu."

Akanitazama vile watu hunitazama tangu enzi za njugu, akarudi kwenye sufuria yake. Nikanyoosha kidole, nikaizima.